Mkia Nimeuona

"Alhamisi, saa tatu na dakika kumi, ametoka. Kikwembe kipya kiunoni. Ameoga."

Ndivyo alivyoandika Mzee Éliézer katika daftari lake, ameketi barazani kwake mtaa wa reli, Kamina, miwani imemshukia puani. Aliyetoka ni Salomé, mke wa mwanawe Nahum, mwenye mimba ya miezi minane. Na huyu aliyekuwa akiandika alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na minne. Sasa amestaafu, hana treni ya kuandika, basi anamwandika mkwe wake. Uzee ukikosa kazi hujitafutia.

"Mama Shekina," alikuwa amemwita kabla hajafika kwenye lango, "unaenda wapi tena?"

"Naenda kule Base, Papa. Kwa rafiki yangu Lise. Nitarudia mbele ya saa nane."

"Kila Alhamisi Lise, kila Alhamisi Lise! Wiki ya ule Lise iko na siku moja tu?"

Salomé alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba asiulizwe la pili. Akapiga goti kwa heshima, tumbo na yote, kisha akapanda pikipiki ya Théo, jirani yao, wakaondoka polepole kukwepa mashimo. Mzee akaongeza neno moja: "Amecheka."

Sasa hebu jumlisha na wewe. Base ni kambi ya jeshi, imejaa wanaume. Nahum, dereva wa treni, yuko upande wa Kindu wiki ya saba hii, mvua imekata reli, treni imelala huko kama gogo. Mwanamke ambaye mume hayupo anakwenda kambini kila Alhamisi, amejipamba, na simu anaizima. Mzee alijumlisha siku nyingi. Yaliyolingana na hesabu yake aliyapigia mstari. Yaliyokataa kulingana aliyatafutia maelezo. Alhamisi moja Salomé alimchukua Shekina, bintiye wa miaka minne, wakaenda wote. Mzee akaandika: "Anabeba mtoto ili tusitambue." Alhamisi nyingine hakutoka kabisa, alishinda akifua. Mzee akaandika: "Wamegombana." Lau angekaa ndani mwezi mzima, ingeandikwa kwamba mwanajeshi kapelekwa vitani.

Ajabu ni kwamba mtu huyu ndiye aliyewafundisha wengine kutoamini upesi. Treni ikiingia stesheni, kuona kichwa hakutoshi. Behewa la mwisho hubeba kibao chekundu, na wafanyakazi wa reli hukiita mkia. Mabehewa huweza kukatika njiani, kichwa kikaja na nusu ya treni, kinapiga honi kwa mbwembwe zote. Mkuu wa stesheni akisema njia ni nyeupe bila kuutazama mkia, treni inayofuata inakwenda kuua watu. Mzee Éliézer hakutia sahihi hata siku moja kabla ya kutamka maneno yake: "Imeingia nzima, mkia nimeuona." Mwaka mmoja mkubwa wake alimtukana mbele ya abiria kwa ukaidi huo, naye akakataa kutia sahihi, na yakakutwa mabehewa saba yamebaki kilomita tisa nyuma. Hadithi hiyo aliisimulia kanisani kwao Methodiste, harusini, na hata matangani. Nahum aliinywa pamoja na uji.

*

Saa nane kasoro Salomé alirudi, akaingia bafuni kuosha jasho la njiani. Mkoba wake ukabaki juu ya kiti.

Ukwe una mipaka yake. Baba mkwe hakalii kitanda cha mkwe wake, sembuse kutia mkono katika mkoba wake. Mzee alilijua hilo vizuri kuliko wewe na mimi. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma, na bado akatia mkono.

Alitoa kipande cha boksi kilichokatwa kwa mkasi na kukunjwa katikati, kama wanavyofanya watu walioishiwa karatasi. Juu yake kulikuwa na muhuri wa kambi. Chini ya muhuri, tarehe tano, na zote tano zilikuwa katika daftari lake. Chini ya tarehe: cheo na jina, "Adjudant Cyprien", nambari ya simu, na maneno mawili: "Alhamisi. Usikose."

Na tusimfichie aibu yake: alifurahi. Ilikuwa furaha chungu ya mtu aliyekuwa akisema kitu peke yake kwa muda mrefu na sasa dunia imemwitikia. Nyuma ya boksi kulikuwa na maandishi pia, wino ulikuwa umepenya mpaka mbele. Aliuona wino. Lakini maji ya bafuni yalinyamaza, na alichokitaka alikuwa ameshakipata. Akakunja, akarudisha. Mkoba ulibaki pale kitini hadi jioni, na hakuurudia.

Asije mtu akasema Salomé ndiye aliyeanza kuficha. Mimba ilipoingia mwezi wa saba alijaribu. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee akaanza, "Papa, banasema kuko mashini inaonaka mutoto ndani, nikaona kama..." Mzee akainua mkono.

"Wanaangalia na mashini, nyuma banachukua kisu. Talitha aliingia kule na miguu yake, nikamurudisha juu ya ubao. Mu hii nyumba hakuna mwanamuke atapasuliwa tena. Usiniletee hiyo habari."

Talitha alikuwa mke wake, aliyefia hospitali mezani pa upasuaji. Kwa hiyo Salomé akanyamaza, na Alhamisi iliyofuata ndipo Lise alipozaliwa midomoni mwake. Maneno hayo mzee aliyakumbuka vizuri sana. Hakuyaandika tu katika daftari, kwa sababu hayakuhusu.

Jioni alimtumia Nahum sauti kwa simu. "Mwanangu, minyi ni baba yako, siwezi kukudanganya. Bibi yako, Mama Shekina, iko na muntu. Ni mwanajeshi, jina ni Cyprien. Nimeona maandishi."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili, na nyuma ya sauti ya Nahum mtu alikuwa akigonga chuma. "Papa. Umeona na macho yako? Yote? Mukia umeuona?"

Mzee alibonyeza kitufe cha simu.

"Mukia nimeuona."

*

Uchungu ulimkamata Salomé Ijumaa ya juma lililofuata, kulipopambazuka. Lucienne, dada mdogo wa mzee, mzalishaji wa mtaa mzima, alikuja na beseni lake na kitambaa cheupe kichwani. Chupa ya maji ilikuwa imeshapasuka. Saa mbili ikapita, mtoto hakushuka. Lucienne alipapasa tumbo, akapapasa tena, akatoka mlangoni akifuta mikono.

"Kaka, huyu mutoto anakataa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Wazee wa kwao walisema hivi tangu zamani: mwanamke akitembea nje mume akiwa safarini, mtoto hufunga njia tumboni. Hatoki mpaka mama ataje jina. Mchungaji amelihubiri jambo hilo kuwa ni upagani, watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani wakaendelea nalo.

Théo alikuwa amekwisha kuleta pikipiki uani, moto kwa lugha ya huko. "Papa, moto inawaka. Tunaenda ku hospitali ao hatuendi?"

Mzee akatazama saa yake ya kazini, ile ya mnyororo.

"Ngoja."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Yeye alikaa kando yake, mgongo ndani, uso nje, kama ukwe unavyotaka. Kila kitu alikisikia.

"Mama Shekina, sema jina," alisema Lucienne kwa sauti ya upole. "Hakuna muntu atakupiga. Mutoto anangojea jina tu."

"Shangazi, mutoto amelala kombo. Munipeleke, banipasue. Nakuomba."

"Nani alikuambia amelala kombo? Weye uko na macho mu tumbo?"

"Ni Cyprien njo alisema."

Kisha Lucienne akasema kwa kupaza kidogo, "Kaka, umesikia?"

Alikuwa amesikia. Aliitikia kwa kichwa bila kugeuka.

"Ni infirmier!" Salomé alipiga kelele. "Ni infirmier, muuguzi wa kambi, iko na mashini, anaangaliaka ba mama kila Alhamisi! Kadi iko mu mkoba, musome!"

"Kadi tulishaisoma, mwanangu. Tuliisoma yote."

Neno hilo "yote" lilimfikia Mzee Éliézer pale kitini. Lucienne alilisema kwa nia safi, maana kaka yake ndiye aliyemwambia. Palikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, "Hapana, sikuisoma yote, leteni mkoba." Ingemchukua muda wa kufunga kiatu. Lakini angesimamaje? Nahum ameshaambiwa. Lucienne ameshaambiwa. Na hilo jina si limetoka kinywani mwa mwanamke mwenyewe? Mtu akishapanda juu ya neno lake, kushuka kunataka ngazi. Alibaki ameketi.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Théo alizima pikipiki kubana petroli, akaiwasha, akaizima tena. "Papa, vraiment..." alisema, na mzee akamjibu "Ngoja" kwa ile sauti ya stesheni, sauti iliyosimamisha treni za tani elfu. Ndani, Salomé aliita Mungu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluba, Vidye, Vidye, kisha akamwita mama yake aliyeko Kabongo. Shekina alikuwa amepelekwa kwa majirani na aliisikia sauti hiyo ng'ambo ya ukuta. Majirani wakamwongezea redio.

Ilipokaribia saa sita sauti ya Salomé ilibadilika. Ikawa ya chini, kavu, kama ya mtu anayepatana bei sokoni jua limekwisha kuwa kali.

"Bon. Ni Cyprien. Nililala naye. Munataka mara ngapi? Tano? Papa aandike tano. Sasa munipeleke."

Lucienne alipiga makofi mara moja. "Mungu asifiwe! Si nilikuambia, mficha uchi hazai?"

"Peleka," alisema Mzee Éliézer.

Wakamkalisha katikati ya pikipiki, Théo mbele, Lucienne nyuma akimshika, damu inapita kwenye kikwembe kipya. Mzee alifuata kwa miguu. Njia nzima watu walimwamkia kwa heshima.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Chancelvie, jasho limemtoka hadi kwenye kola. Alimkuta mzee kwenye benchi la korido akiwa ameupakata mkoba wa Salomé, kwa kuwa mtu fulani alimtupia mapajani walipokuwa wakikimbia na kitanda.

"Papa, mama anaishi. Mutoto, hapana. Alikuwa mwanaume." Akafuta jasho. "Na kizazi kilikuwa kimepasuka, tumekitoa. Hatazaa tena. Alikuwa anafanya consultation wapi? Hakuwa na kadi?"

Mzee aliutia mkono wake mkobani mara ya pili. Daktari akapokea lile boksi, akaona muhuri na tarehe, akaligeuza. Aliligeuza tu, basi, kama mtu anavyogeuza andazi kwenye mafuta. Akasoma kwa sauti, kwa mazoea ya kazi.

"'Mtoto amelala kombo, mara tano nimeangalia. Nyonga nyembamba. Asizalie nyumbani. Alazwe hospitali wiki moja mbele ya siku zake, apasuliwe. Mume hayuko. Anasema kwao wanakataa kisu, anaogopa kusema. Nimeomba aje na muntu wa nyumbani, niongee naye.'" Daktari akainua macho. "Ilikuwa imeandikwa, Papa. Uchungu ulianza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya saa ngapi? Sasa ni saa tisa! Nani alichelewesha?"

Théo alikuwa amesimama karibu na dirisha, kofia ya pikipiki mkononi.

"Ni moto," alisema Mzee Éliézer. "Ilikosa petroli."

Théo alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. Akavaa kofia, akatoka. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena mzee, na mzee hakumlaumu.

*

Walimzika mtoto Jumamosi, bila jina. Wanawake wa mtaa walikaa uani kwenye mikeka, na mzee, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliyasikia maneno yao.

"Alisema jina saa sita, saa nane akawa amefunguliwa. Munaona?"

"Angelisema asubuhi, na mutoto angepona."

"Njo vile! Kichwa ngumu yake njo ilimuua mutoto. Yeye mwenyewe aliokolewa na ukweli."

Mzee alishika pazia. Mtoto kafa kwa sababu mama alichelewa kutaja. Mama kapona kwa sababu alitaja. Wangekufa wote, ingesemwa alificha jina la pili. Wangepona wote, ingesemwa dawa imefanya kazi. Hapakuwa na mlango ambao ukweli ungeingilia. Nyumba hiyo aliijua, maana aliijenga mwenyewe, Alhamisi baada ya Alhamisi.

Nahum alifika Jumanne, amekonda, nguo zinanuka mafuta ya injini. Hakwenda hospitali. Alikaa barazani na Lucienne na wazee wawili wa ukoo, na kabla ya giza neno lilikuwa limekatwa: Salomé akitoka hospitali atapanda treni kwenda kwao Kabongo, na Shekina atabaki kwa Lucienne. Mwanamke aliyemwua mtoto kwa uzinzi hawezi kulea mwingine.

Ndipo Mzee Éliézer alipoinuka. Boksi lilikuwa mkononi mwake.

"Nahum, minyi nilikudanganya. Mukia sikuuona."

Wote wakamtazama.

"Hii kadi niliiangalia upande moja tu. Bibi yako hakuwa na muntu. Cyprien ni infirmier, aliandika mutoto amelala kombo, aliandika bampeleke ku hospitali. Minyi njo nilikaa hapa mu mlango mpaka saa sita, moto inawaka, nikasema ngoja. Jina walimukamua. Alisema ili tumubebe. Mutoto wako, ni minyi nilimuua."

Alisema yote, hakujipunguzia hata tone. Pengine ndilo jambo safi alilofanya mwaka ule mzima.

Lucienne alianza kulia. "Masikini kaka yangu! Anabeba zambi ya mwingine juu ya huruma. Tangu Talitha afe, moyo wake umekuwa hivi."

"Si huruma! Lucienne, ni ukweli!"

"Papa, ukae," alisema Nahum.

"Sikai. Shika, usome."

Nahum alilipokea boksi. Akalisogeza kwenye mwanga wa taa. Mzee aliona macho yake yakishuka polepole: muhuri wa kambi, tarehe moja moja, jina, nambari. Yalipofika kwenye "Usikose" yakasimama.

"Jina iko hapa," alisema Nahum.

"Geuza."

"Jina iko hapa, Papa. Alhamisi zote ziko hapa, sawa vile uliniambia. Muntu anaandikia bibi ya mwenzake 'usikose'!"

"Mwanangu, geuza nyuma. Nakuomba."

"Nyuma kunaandikwa na nani? Si ni yeye yule Cyprien? Alikuwa aandike nini, 'ninalala naye'?" Nahum aliliweka boksi mezani, upande wa jina ukiwa juu. "Weye ulinifundisha, Papa. Miaka yote. Éliézer hasemi 'nimeuona' kama hajauona. Nilikuuliza kabisa, ukasema umeuona. Sasa unamuonea huruma, unataka kurudisha treni. Haiwezekani."

Wazee wawili wakaitikia kwa koo. Mzee alilichukua boksi akaanza kusoma upande wa nyuma kwa sauti, "Mtoto amelala kombo, mara tano nimeangalia", lakini Nahum alikuwa ameshainuka kwenda kumchukua Shekina kwa majirani, na Lucienne alikuwa akiulizia kama watu watakula.

*

Asubuhi alikwenda hospitali. Salomé alikuwa amelala chali, midomo imepasuka, mkono mmoja umewekwa juu ya bandeji ya tumbo. Hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amefika tangu Ijumaa. Mwanamke wa kitanda cha jirani ndiye aliyekuwa akimpa maji.

"Papa," alisema. Heshima haikuwa imemtoka, na hilo lilimuuma mzee kuliko tusi.

"Mama Shekina. Nahum amefika."

"Najua. Théo aliniambia." Akamgeuzia uso. "Na Shekina?"

Mzee aliangalia sakafu. "Iko kwa Lucienne."

Salomé alifunga macho. Chozi moja lilitoka, likapita kando ya sikio, hakulifuta. Alipoyafungua tena, yalikuwa makavu.

"Kadi, uliwaonyesha?"

"Niliwaonyesha. Niliwaambia yote, mbele ya wote. Nilisema ni minyi nilikosa."

"Walisoma?"

"Walisoma."

"Upande gani, Papa?"

Korido nzima ilikuwa ikisikika, masufuria, viatu, mtoto mchanga wa mtu mwingine akilia. Mzee Éliézer alilitoa boksi mfukoni.

"Wa mbele," alisema.

Alimnyooshea lile boksi, maana ndilo pekee alilokuja nalo. Salomé hakuutoa mkono wake juu ya bandeji.

"Ubaki nayo, Papa," alisema taratibu, akageuzia uso ukutani. "Weye njo ulianza kuisoma. Maliza."